Turbo Haileti Nguvu, Inaleta Hewa

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata, nizungumzie injini. Najua wengine mtashangaa mtu wa tarakilishi ameingiaje gereji. Subirini kidogo, mtaona kwamba tofauti si kubwa sana. Na kabla sijaendelea, ninaposema turbo sizungumzii ule mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Webuye. Nazungumzia kile kidude cha chuma chenye umbo la konokono kinachobanwa ubavuni mwa injini, kile ambacho kikiwa kwenye Subaru ya kijana wa mtaani, mtaa mzima lazima usikie "pshhh" kila anapobadilisha gia.

Sababu ya kuandika haya ni mjomba wangu. Ana pikapu ya dizeli, lita 2.5, anayobebea viazi kutoka Molo hadi Eldoret, magunia 20 ya kilo 50 kila safari. Pikapu hiyo ndiyo inayosomesha watoto wake watatu. Miezi michache iliyopita turbo ilianza kulia kama king'ora, moshi wa samawati ukawa unatoka nyuma, na oili ikawa inapungua kila safari. Fundi akampa njia mbili: anunue turbo nyingine kwa Sh45,000, au alipe Sh5,000 turbo itolewe kabisa, mabomba yaunganishwe, gari liendelee kama magari ya zamani. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mjomba akanipigia simu: "Wewe ndiye uliyesoma mambo ya mitambo. Niitoe ama nisiitoe?" Kumweleza kwamba digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta hakukusaidia chochote. Kwa Mjomba, mashine ni mashine.

Swali lake ni zuri kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tunaamini turbo inatia nguvu ndani ya injini, kana kwamba ni betri ya ziada. Sivyo. Nguvu zote za injini zinatoka kwenye mafuta yanayoungua, na mafuta hayaungui bila hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, na dizeli inahitaji karibu kiasi hicho hicho. Kumimina mafuta mengi ndani ya silinda ni kazi rahisi, pampu inaweza. Kazi ngumu ni kupata hewa ya kuyachoma. Kila aliyewahi kuwasha jiko la makaa analijua jambo hili. Ukirundika makaa bila kupepea, unapata moshi na machozi. Ukichukua kipande cha katoni ukapepea, makaa yale yale yanawaka mpaka sufuria inatokota. Turbo ni kipande cha katoni cha injini. Basi.

Tupige hesabu, maana bila namba tunapiga domo tu. Injini ya mizunguko minne ya pistoni hujaza silinda zake mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Kwa hivyo injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta lita 3,750 za hewa kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya madebe matatu ya hewa kila sekunde! Lakini lita si kilo. Mombasa, penye joto la nyuzi 28 hivi, lita hizo 3,750 zina uzito wa karibu kilo 4.4. Sasa ipandishe injini hiyo hiyo hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Presha ya hewa huko ni chini ya robo tatu ya ile ya pwani. Silinda zinajaa kama kawaida, lakini zinajaa hewa nyepesi: kilo 3.3 tu. Robo ya hewa imepotea njiani, na robo ya nguvu imepotea nayo. Nairobi nayo, karibu mita 1,700, inakunyang'anya kama asilimia 17 hivi. Ndiyo maana gari lisilo na turbo lililopepea vizuri kule Mtwapa huja kulemewa kwenye mlima wa Limuru. Gari halina ugonjwa wowote. Limekosa pumzi, kama mtu wa pwani anayekimbia Iten kwa mara ya kwanza.

Si sisi wa kwanza kusumbuliwa na jambo hili. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905, na miaka ya 1920 meli za abiria za Ujerumani zikawekewa injini za dizeli zenye mtambo wake, nguvu zikapanda kutoka 1,750 za farasi hadi 2,500. Lakini jaribio ninalolipenda mimi ni la Marekani. Ndege za Vita Vikuu vya Kwanza zilikuwa zinaishiwa pumzi angani, kwa hivyo mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipakia injini ya ndege aina ya Liberty kwenye lori na kuipandisha juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300. Injini hiyo bondeni ilitoa nguvu 350 hivi za farasi. Kileleni, bila turbo, ikatoa 230 tu. Ilipofungwa turbo, ikatoa 356. Turbo iliirudishia injini hewa ambayo mlima ulikuwa umeichukua. Nilipomsimulia Mjomba habari hii, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sasa huo mlima unaushinda Timboroa?" Nikamwambia ndiyo, Mjomba, unaushinda kwa mbali.

Kidude chenyewe kinafanyaje kazi? Ndani ya nyumba ile ya konokono kuna ekseli fupi yenye gurudumu la mapanga kila upande. Upande wa moto umekaa kwenye njia ya ekzosi. Moshi unaotoka kwenye injini una joto na kasi kubwa. Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta uliyonunua kwa jasho lako huwa inatokea huko nyuma na kupotea. Moshi huo unazungusha gurudumu la kwanza, ekseli inazungusha gurudumu la pili lililo upande wa baridi, nalo linavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Kasi yake inatisha: zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo zinapita 200,000. Hard disk ya tarakilishi ya mezani, tuliyokuwa tukiiona ina mbio, inazunguka mara 7,200.

Kuna ndugu yake anayeitwa supachaja. Umewahi kuona Mercedes yenye neno KOMPRESSOR mgongoni? Ndiyo hiyo. Kazi ni ile ile ya kusukuma hewa, ila huyu anazungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki. Uzuri wake ni kwamba anaitikia papo hapo unapokanyaga, hana kile kichelewesho cha turbo inayosubiri moshi uongezeke. Ubaya wake ni kwamba anaomba nguvu kwa injini ile ile anayoisaidia. Turbo inaokota kilichokuwa kinatupwa, ingawa nayo inauzuia moshi kidogo usitoke kwa urahisi.

Ukitaka ushahidi kwamba mchezo wote ni wa hewa, tazama mashindano ya rally. Tangu 1995 magari makubwa ya mashindano ya dunia yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34 mbele ya turbo. Ukiubana mlango wa hewa, umeibana nguvu. Mwaka huo huo, kwenye mashindano ya Catalunya, Uhispania, timu ya Toyota ilikamatwa na ujanja ambao mpaka leo unanifanya nitikise kichwa. Kifaa chao cha tundu kilikuwa na springi zilizofichwa. Kikifungwa kwenye gari, kinasogea milimita chache na hewa inapenya pembeni. Mkaguzi akikifungua, kinarudi mahali pake, kila kitu sawa! Rais wa FIA wakati huo, Max Mosley, alikiri kwamba ulikuwa ufundi wa hali ya juu, kisha wakafungiwa miezi 12. Wanaprogramu wenzangu mnaitambua hiyo: programu inayojua lini inakaguliwa. Na hawa ndio waliokuwa wamezoea kushinda huku kwetu. Mkenya Ian Duncan alitwaa Safari Rally ya 1994 akiwa na Celica yao ya turbo.

Sasa tuje kwenye bei, maana hakuna cha bure. Hewa ukiibana inapata moto. Pampu ya baiskeli unaijua, chini huwa inachoma vidole. Pale Timboroa, turbo ya Mjomba ikiongeza presha ya bar 0.7, hewa ya nyuzi 15 inatoka ikiwa karibu nyuzi 100. Hewa ya moto inatanuka, kwa hivyo sehemu ya faida inaliwa. Hata hivyo, kwa hesabu yangu silinda bado zinapata karibu kilo 5 kwa dakika, kuliko hata injini isiyo na turbo iliyoko Mombasa. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kuipoza mpaka nyuzi 50 hivi, unafika kilo 5.8. Ndiyo maana magari mengi ya turbo ya siku hizi yana intakula.

Kwenye injini ya petroli joto hilo lina hatari zaidi. Mchanganyiko unaweza kujilipua wenyewe kabla ya wakati, na injini inagonga kama inayopigwa nyundo ndani. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari la Jetfire, miongoni mwa magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida. Dawa yao ya kugonga ilikuwa tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa ndani ya injini inapokazana. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Lakini wenye magari walisahau kujaza tangi, gari likawa linajipunguzia nguvu, wakalalamika kwamba turbo ni mbovu. Mwishowe kampuni ikakubali kuwatolea turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Mnaona? Ushauri wa "itoe tu" haukuzaliwa Molo.

Baadaye ndugu zetu wa elektroniki wakaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Saab ya Uswidi ilifunga kihisi kinachosikiliza injini. Kikisikia dalili ya kugonga, kinapunguza presha ya turbo, kikisikia kimya, kinairuhusu ipande tena. Huo ni mzunguko wa kupima na kurekebisha, kama programu nyingi tunazoandika. Leo magari ya turbo yanafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, na ndio maana injini ndogo ya lita 1.5 inaweza kufanya kazi ya injini kubwa bila kujivunja. Lakini pikapu ya Mjomba ni ya zamani, haina tarakilishi. Kazi ya kupima na kurekebisha anaifanya yeye mwenyewe, kwa mguu wake.

Jumamosi moja nikaenda Molo. Nilichokuwa nacho akilini ni kitu kimoja ambacho kazi yangu imenifundisha: mstari unaotoa hitilafu mara nyingi si mstari wenye kosa. Ukiufuta, kelele inaisha, kosa linabaki. Nikamwuliza fundi kwa heshima, maana mkono wake umeshika injini nyingi kuliko vitabu nilivyoshika mimi: "Fundi, hii turbo imeuawa na nini?" Akaniangalia, akacheka, akasema hakuna anayewahi kumuuliza hilo. Wanauliza pesa ngapi tu.

Tukaifungua. Ekseli ilikuwa inacheza huku na huku, magurudumu yamekwaruza nyumba yake. Ekseli ya turbo hukaa juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo inakuja kwa bomba jembamba kuliko kidole chako kidogo. Fundi akalifungua bomba, akalipuliza. Hewa haikupita. Ndani mlikuwa na masizi magumu ya oili iliyoungua, kama sufuria ya ugali iliyosahaulika motoni. Turbo mpya ya Sh45,000 ikifungwa kwenye bomba lile ingekufa vile vile, tena mapema.

Na kuitoa je? Fundi mwenyewe akakubali kwamba pampu ya dizeli ya gari lile imepimwa kwa hewa ya turbo. Ukiitoa turbo na kuacha pampu ilivyo, mafuta yanazidi hewa: moshi mweusi, joto kali kwenye pistoni, dizeli inayokwisha haraka. Ukiipunguza pampu, sawa, injini inatulia, lakini inabaki na kilo 3.3 za hewa badala ya 5. Kwa mtu anayebeba tani moja ya viazi kupitia Timboroa, hiyo ina maana apunguze magunia au mlima wote aupande kwa gia ya kwanza. Sh40,000 alizookoa zingerudi kumdai kila wiki.

Likabaki swali la nani alilichoma lile bomba, na hapo ndipo nilipolazimika kuchagua maneno. Mjomba ana desturi moja. Akishaupanda mlima wote na mzigo, husimama pale Timboroa wanapouza karoti na kabichi, huzima gari hapo hapo, huenda kunywa chai. Injini imetoka kukazana, turbo ina moto wa mamia ya nyuzi na bado inazunguka. Ukizima, pampu ya oili inasimama papo hapo, na oili iliyobaki ndani ya turbo inakaangwa. Siku moja haidhuru. Miaka minane, safari tatu kwa wiki, ndiyo masizi yale.

Nikamwambia, "Mjomba, nadhani ni ile chai ya Timboroa." Fundi akainama akajifanya anatafuta spana. Mjomba akanitazama kwa muda. "Unasema niache chai?" Nikasema, "La, Mjomba. Chai kunywa. Ila iache injini ingurume dakika mbili kwanza, ipoe." Akafikiri, akasema, "Hata farasi hafungwi na jasho." Sijui methali hiyo aliitoa wapi, lakini alikuwa ameelewa kuliko wengi waliosoma.

Pesa alikopa kwenye chama chao, na bado analipa. Mtoto wa pili alichelewa wiki moja kwenda shule, jambo lililomuuma Mjomba kuliko bei ya turbo. Siwezi kuwaambia kwamba uamuzi ulikuwa rahisi au kwamba hesabu zangu zilimlipia karo. Lakini turbo na bomba jipya vilifungwa, oili na chujio vikabadilishwa, na pikapu inapanda Timboroa na magunia yake 20 kama kawaida.

Kwa yeyote mwenye gari la turbo, au anayetamani kuagiza moja kutoka Japani, machache ya kukumbuka:

1. Badilisha oili kwa wakati, na utumie aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili chafu ndiyo muuaji nambari moja.

2. Ukitoka kupanda mlima au kukimbiza gari barabara kuu, endesha pole pole dakika za mwisho, au iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Asubuhi pia, usikanyage sana kabla injini haijapata joto.

3. Chujio la hewa lisiwe na tundu. Punje ya mchanga ikigonga gurudumu linalozunguka mara 100,000 kwa dakika ni risasi.

4. Turbo ikifa, usifunge nyingine kabla ya kujua ya kwanza ilikufa kwa nini. Bomba la oili libadilishwe au lisafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili.

5. Kijana akikwambia anaweza kukuongezea presha kwa elfu chache, muulize mafuta ya ziada yatatoka wapi na joto la ziada litaenda wapi. Akikosa jibu, funga boneti uende zako.

Mimi sina gari la turbo, na kwa mshahara wangu wa sasa nitaendelea kupanda matatu. Lakini tangu siku ile, nikiwa ndani ya matatu inayopanda kutoka bondeni kuelekea Limuru, huwa nasikiliza ule mluzi mwembamba chini ya kelele za injini. Najua ni moshi unaofanya kazi ya mwisho kabla ya kutupwa. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.